Miguu ya Droni Iliyopanuka Juani: Kisa cha Kaboni Faiba Iliyokauka Bila Kukomaa

Kisa hiki kilitokea kwenye karakana moja ya boti kando ya ziwa, jijini Mwanza. Majina ya watu, ya karakana na ya mteja nimeyaondoa, na vipimo vichache ambavyo vingeweza kumtambulisha mtu nimevizungusha kidogo. Nimekiandika kwa ajili ya mafundi wa faiba wanaoanza kuletewa kazi za kaboni. Kazi hizo zimeanza kuingia, na mazoea mazuri ya boti yanaweza kukuangusha humo bila wewe kujua umekosea wapi.

## Usuli

Karakana haina makuu: banda la bati lililo wazi upande wa ziwani, meza mbili ndefu, na boti moja au mbili zilizopinduliwa zikisubiri kuzibwa. Kazi ya kila siku ni faiba ya kioo na resini ya poliesta, yaani gundi ya maji inayokauka na kuwa ngumu ndani ya faiba. Fundi mkuu ni mtu wa makamo, ameishika faiba tangu vijana wake wawili hawajazaliwa. Stoo na hesabu ziko mikononi mwa dada mmoja ambaye, kama itakavyoonekana, ndiye aliyeokoa sehemu kubwa ya kazi hii.

Mteja alikuwa kikundi kidogo kinachorusha droni kupiga picha za mwambao na kufuatilia magugu maji kwenye ghuba. Droni si kitu kigeni Mwanza. Mwaka 2018 jiji lilikuwa mwenyeji wa Lake Victoria Challenge, ambapo ndege zisizo na rubani zilijaribiwa kurushwa hadi kisiwa cha Juma. Vipuri ndivyo adimu. Droni ya kikundi hiki ilitua vibaya kwenye mawe, na mawe huku hayakosekani, mguu mmoja ukapasuka. Miguu yake ni vipinde viwili vya kaboni, kimoja mbele na kimoja nyuma, kila kimoja kikishuka pande zote mbili za tumbo ambalo kamera imening'inia. Kuagiza kipya nje kulimaanisha kusubiri wiki kadhaa na kulipa ushuru. Injinia wa kikundi alikuwa na kitambaa cha kaboni cha gramu 200 kwa mita ya mraba kilichobaki kwenye kazi nyingine, pamoja na epoksi, resini ya aina nyingine, na hadina yake, kimiminika cha kuchanganya nayo ili ikauke. Akaja karakana na swali la moja kwa moja: mnaweza?

Kwa asiyeijua kaboni: uzi mmoja wa kaboni una unene wa takriban mikroni 7, yaani sehemu ya kumi hivi ya unywele wa mtu. Maelfu ya nyuzi hizo hukusanywa kuwa utepe, na tepe hufumwa kuwa kitambaa cheusi kinachong'aa. Uzito wake ni kama gramu 1.8 kwa sentimita ya ujazo, wakati alumini ina 2.7 na chuma 7.8. Lakini kitambaa peke yake hakibebi kitu, ukikishika kinajikunja. Kinachokifanya kiwe mguu wa droni ni resini iliyokamata kila uzi na kuuzuia usipinde wala kuteleza. Sifa zote huenda kwa kaboni, lakini kipande kinapoharibika, mara nyingi wa kuulizwa ni resini.

Viwanda vya ndege hutumia kitambaa kilicholoweshwa resini tayari, huhifadhiwa kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, kisha hupikwa ndani ya autoklevu, tangi kubwa lenye joto la nyuzi 120 hadi 180 na mgandamizo mara sita au saba ya ule wa hewa ya kawaida. Dreamliner za Air Tanzania, ambazo takriban nusu ya uzito wao ni vifaa vya aina hii, zimezaliwa hivyo. Karakana yetu ilikuwa na brashi, mfuko wa plastiki na pampu ya kunyonya hewa iliyoazimwa kwa fundi friji wa jirani. Inawezekana kabisa kutoa kipande kizuri kwa vifaa hivyo, mradi usiruke hatua.

## Kazi ilivyokwenda

Walianza na kalibu. Mguu mzima uliobaki ulipakwa nta matabaka kadhaa, ukamwagiwa gelkoti, resini nzito inayotoa uso laini, kisha faiba ya kioo na poliesta juu yake. Hapa walikuwa nyumbani kwao. Kalibu ilitoka safi, laini kama kioo. Kona mbili za juu, pale kipinde kinapogeuka kushuka, zilikuwa kali, lakini ndivyo mguu wa asili ulivyokuwa.

Kisha kukata kitambaa. Kila kipinde kilihitaji matabaka manane. Kijana aliyekata aligundua haraka kwamba vipande vilivyokatwa sambamba na urefu wa mguu vinagoma kukaa kwenye kona, vinainuka. Vilivyokatwa kwa pembe ya nyuzi 45 vinalala vizuri. Ni kama khanga: ivute kwa upande wa pindo haiendi popote, ivute kwa pembe inalegea na kufuata mkono. Akaamua matabaka sita kati ya manane yawe ya pembe. Fundi mkuu aliona, akakubali. Kwenye boti, mati ya kioo haina mwelekeo, nyuzi zake zimetawanyika kila upande, kwa hiyo swali la "nyuzi zielekee wapi" halikuwa swali alilozoea kuulizwa.

Kuchanganya ndiko kulikoleta ubishi wa kwanza. Poliesta ina uvumilivu wake: ukiona jioni inakaribia, unaongeza kichocheo kidogo na kazi inashika mapema. Fundi alitaka kufanya vilevile na hadina. Dada wa stoo alikuwa amesoma karatasi iliyokuja na kopo, akakataa kata kata. Hadina ya epoksi si kichocheo. Ni nusu ya pili ya gundi. Kila chembe yake inatafuta mwenzake kwenye resini, na ukizidisha, zile zisizopata mwenzi zinabaki humo zikilegeza kipande. Ukipunguza, resini ndiyo inayobaki bila mwenzi. Karatasi ilisema 100 kwa 30 kwa uzito. Fundi akashika vikombe vya kupimia, dada akaleta mizani ya kielektroniki.

Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Hadina nyingi ni nyepesi kuliko resini. Ukichukua namba za uzito ukazipima kwa kikombe, resini ya mililita 100 ina uzito wa gramu 115 hivi, na hadina ya mililita 30 ina gramu 28 au 29. Hesabu yako imekuwa 100 kwa 25. Umepunja hadina kwa karibu sehemu moja ya sita, na hutaiona kwa macho.

Matabaka yakalazwa moja moja kwa brashi na rola ndogo. Juu yake kikaja kitambaa cha nailoni cha kubandua, kisha plastiki yenye matundu, kisha sufi ya kupitisha hewa na kunywa resini inayozidi, na mwisho mfuko wa plastiki uliozibwa pembeni kwa utepe wa gundi. Pampu ikawashwa. Mfuko ukakaza, mikunjo ikasimama, resini ikaanza kuonekana kwenye sufi. Geji ya kupima mnyonyo ikapanda hadi 0.86 ya bari, ikagoma.

Maelekezo waliyoyapata yalisema geji ifike 0.95 au zaidi. Wakaamini mfuko unavuja. Wakapita pembezoni kwa sikio wakisikiliza mluzi, wakabonyeza utepe, wakafungua upande mmoja na kuuziba upya, kisha upande wa pili. Kila mara walipofungua, hewa iliingia kwa kishindo na matabaka yakainuka kwenye zile kona kali. Wakati huohuo epoksi iliyobaki kwenye kopo la mtindi ilikuwa inajipasha moto yenyewe. Kijana aliyekaa jirani nayo alisikia harufu kabla hajaona: kopo limelainika, limeegemea upande, moshi mweupe unatoka juu, katikati pamepasuka na kuwa rangi ya chai. Epoksi ikiwa nyingi mahali pamoja haina pa kupeleka joto lake, na joto hilo huharakisha ukaukaji unaozaa joto zaidi. Ile iliyotandazwa nyembamba kwenye kalibu ilibaki salama. Kopo likasukumwa kwa fimbo hadi kwenye mchanga.

Kuona moshi ndiko kulikowafanya waache kutafuta tundu. Walifunga mfuko mara ya mwisho, geji ikarudi 0.86, wakaiacha ilivyo. Kabla ya kuondoka usiku fundi alikunja mpira wa pampu na kuubana kwa koleo la kujifunga. Umeme ulikatika saa tano na ukarudi alfajiri. Mfuko ulikuwa bado umekaza.

Asubuhi kipande kilibanduka kwenye kalibu bila shida. Ukikigonga kwa kucha kinalia kama kengele ndogo. Walikisawazisha kwa msasa wa maji, wakafanya cha pili kwa njia hiyohiyo, na siku iliyofuata wakavikabidhi. Kabla ya kukabidhi, fundi aliweka droni juu ya meza chini ya banda, akaipakia mifuko ya mchanga hadi mara tatu ya uzito wake. Miguu haikutikisika.

Karatasi ya epoksi ilikuwa na mstari mmoja zaidi: baada ya saa 24 kwenye nyuzi 25, kipande kipashwe joto la nyuzi 60 hadi 80 kwa saa kadhaa. Waliusoma. Waliuchukulia kama ushauri kwa wenye kiwanda, kwa sababu kipande kilikuwa kigumu tayari na hakuna boti waliyowahi kuipika.

## Ufukweni

Droni ilipelekwa kazini sehemu yenye mawe na mchanga, hakuna mti karibu. Ikawekwa juu ya jiwe pana, betri ndani, ikisubiri upepo wa mchana utulie. Ilikaa juani saa kadhaa. Walipoirudia kamera ilikuwa imegusa jiwe. Nafasi kati ya nyayo za miguu, ambayo ilikuwa sentimita 62, ilisoma 67 kwa nyuma na 65 kwa mbele. Hakuna kilichovunjika wala kupasuka. Miguu ilikuwa imekaa chini taratibu, kama ng'ombe, na ilipopoa jioni ikabaki hivyohivyo.

Kikao cha karakana hakikuwa kitamu. Injinia aliiweka miguu mezani akasema, "Mzee wangu, hii si kaboni. Mmetuwekea nini humu?"

"Injinia, kitambaa si ulikuja nacho mwenyewe kwapani?"

Fundi naye alikuwa na shaka yake: wamebebesha mzigo kuliko walivyosema. Ndipo nilipoitwa, kwa sababu pande zote mbili zilinifahamu.

## Sufuria na kipimajoto

Sikuwa na maabara, na haikuhitajika. Walikuwa wametunza vipande vya ukingo vilivyokatwa wakati wa kusawazisha. Huo ni utaratibu wa dada wa stoo, kila kazi ina mfuko wake wenye masalia. Mguu wa asili uliovunjika pia ulikuwepo. Tukawasha jiko la mkaa, tukaweka sufuria ya maji na kipimajoto.

Kipande chembamba cha ukingo kilibanwa na koleo upande mmoja, upande wa pili kikafungiwa nati nzito ya boti, kikazamishwa. Kwenye nyuzi 40 hakikuonyesha kitu. Kwenye 50 pia, au kidogo sana. Tulipofika 57 ncha ilianza kushuka, polepole mno kiasi kwamba kijana mmoja alidai ni macho yetu. Kwenye 65 nati ilikuwa imegusa chini ya sufuria. Tukakitoa, tukakizamisha kwenye ndoo ya maji ya ziwa: kikabaki kimepinda, kigumu tena, kinalia kikigongwa. Kisha tukafungua nati na kukirudisha kwenye maji ya moto. Kikajinyoosha chenyewe, karibu kabisa.

Kipande cha mguu wa asili, chenye unene karibu uleule na nati ileile, hakikusogea hata maji yalipopita nyuzi 80.

Fundi mkuu alilirudia jaribio hilo la kujinyoosha, peke yake, huku sisi tumeshahamia kwenye mambo mengine. Nadhani hapo ndipo ubishi ulipokwisha, maana hakuna aliyesema tena neno "feki" wala neno "mzigo". Nyuzi zingekuwa zimekatika, kipande kisingerudi. Kilichokuwa kimelegea ni resini.

Kisha tukakata kona ya kipinde kimoja kwa msumeno wa chuma, kwa maji, tukaing'arisha kwa msasa. Kwenye sehemu iliyonyooka matabaka manane yalionekana yamelalana vizuri. Kwenye kona yalikuwa yameachana na uso wa kalibu, pengo limejaa resini tupu yenye viputo viwili vya ukubwa wa kichwa cha pini.

## Maamuzi ya awamu ya pili

Kila hatua tuliyobadili ilikuwa na sababu iliyoonekana kwenye sufuria au kwenye ile kona.

Mwelekeo wa nyuzi kwanza. Mguu wa droni unapinda. Juu ya kipinde nyuzi zinasukumwa, chini zinavutwa. Zinazobeba kazi hiyo ni zile zinazokwenda sambamba na urefu. Matabaka ya nyuzi 45 yanasaidia mguu usijinyonge, lakini kuyategemea kwa kupinda ni kuikabidhi resini mzigo ambao ungebebwa na nyuzi. Tukageuza hesabu: matabaka sita yafuate urefu, mawili tu ya nje yawe ya pembe. Ili yale sita yakubali kulala, kona za kalibu zilijazwa na kupanuliwa mviringo wake. Kijana aliyekata kitambaa ndiye aliyependekeza tabaka la kwanza libonyezwe kwenye kona kwa kidole kabla ya kuendelea kando, badala ya kuanzia ncha. Likafanya kazi.

Geji. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Pampu ya kunyonya haisukumi chochote; inaondoa hewa ya ndani ya mfuko, na kinachokandamiza ni hewa ya nje. Dar es Salaam hewa hiyo ni takriban kilopaskali 101. Mwanza ni kama 88, yaani bari 0.88. Geji ya Mwanza haiwezi kuvuka 0.88 hata ukileta pampu ya dunia nzima. Ile 0.86 yao ilikuwa karibu yote inayopatikana: karibu tani tisa kwa kila mita ya mraba. Mfuko haukuwa unavuja. Waliufungua mara mbili kutafuta tundu ambalo halikuwepo, na kwa kuufungua wakatengeneza lile pengo la kona. Kuanzia hapo kipimo kikawa si namba ya juu bali kushuka kwake: funga vali, zima pampu, tazama geji kwa dakika kumi. Ikisimama palepale, mfuko ni mzima. Na jaribio hilo lifanyike kwanza kwa mfuko mkavu, kabla resini haijachanganywa.

Resini ikachanganywa kidogo kidogo, na iliyobaki ikamwagwa kwenye trei pana.

Halafu joto. Hapa nitakaa kidogo.

Epoksi inapokauka, chembe za resini na hadina zinashikana mkono kwa mkono. Kadiri zinavyoshikana, uji unakuwa mzito, kisha unaganda, na hatimaye zile ambazo bado hazijapata wenzao zimekwama mahali pake. Haziwezi tena kusogea kukutana. Kwa mkono kipande ni kigumu. Ndani, kazi imesimama njiani. Joto linazipa nafasi ya kusogea na kumalizia. Ndiyo maana epoksi ya namna hii hulegea kwenye joto ambalo si mbali sana juu ya lile ililokaukia: iliyokauka usiku wa Mwanza chini ya bati, kwenye nyuzi ishirini na kitu, huanza kulegea kabla ya 60. Kitu cheusi kilichoachwa kwenye jua la mchana karibu na ikweta, juu ya jiwe lililopata moto, kinafika 70 bila taabu. Jaribio la mifuko ya mchanga lilipita kwa sababu lilifanyika kivulini.

Oveni ilijengwa kwa mbao na plaiwudi, ndani ikafunikwa sufi ya kuzuia joto na karatasi ya alumini. Nyaya za joto zilitoka kwenye oveni chakavu ya jikoni, na feni ndogo ya kuzungusha hewa. Kidhibiti joto kilinunuliwa kwa muuza vifaa vya viatamizi vya vifaranga. Vipinde vilifungwa kwenye fremu ya mbao iliyoshikilia nyayo kwenye sentimita 62, kwa sababu kipande kinachopashwa kinapitia kwenye ulegevu wake mwenyewe na kisiposhikiliwa kitachagua umbo lake. Hatukukiacha kwenye kalibu: ni ya poliesta, nayo ina joto lake la kulegea.

Joto lilipandishwa kwa nyuzi 10 kila saa hadi 70, likashikiliwa hapo saa nane, kisha oveni ikazimwa bila kufunguliwa hadi iliposhuka chini ya 40. Kupandisha polepole si adabu tu. Kipande kinapokomaa, joto lake la kulegea nalo linapanda. Ukienda taratibu unakuwa nyuma yake kidogo wakati wote. Ukiruka moja kwa moja hadi 70, umekilegeza kabla hakijajua kujitetea. Kipimajoto kiligusishwa kwenye kipande chenyewe. Saa ya kwanza hewa ya ndani ilikuwa mbele ya kipande kwa zaidi ya nyuzi 10.

Mwisho ikaja rangi nyeupe, ili miguu isishike joto la jua. Injinia alipinga, alitaka kaboni ionekane. Nikamwambia glaida za faiba, ndege zile zisizo na injini, karibu zote duniani ni nyeupe kwa sababu hiyohiyo, akakubali kwa shingo upande.

Jambo dogo lakini lenye gharama: boliti za alumini zilizokuwa zikishika miguu zilibadilishwa kwa za chuma kisichoshika kutu, na tabaka moja jembamba la faiba ya kioo likawekwa pale chuma kinapogusa kaboni. Kaboni hupitisha umeme, na ikigusana na alumini mahali penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Kwa sababu hiyohiyo vumbi la kaboni halifai kusagwa karibu na chaja au swichi. Siku ya kwanza walikuwa wakitumia grenda kavu hatua mbili tu kutoka kwenye chaja za betri. Sasa wanakata kwa maji, wamevaa barakoa na glavu.

## Matokeo

Masalia ya awamu ya pili yalizamishwa kwenye sufuria kabla ya kitu kingine chochote. Hadi maji yalipofika nyuzi 75 nati haikushuka. Tulipoendelea kupandisha kulikuwa na kulegea kidogo karibu na 85. Tulitengeneza pia vipande viwili vya kulinganisha bila kuvipika, kimoja cha nyuzi za pembe tupu na kimoja cha nyuzi zinazofuata urefu. Kwenye 65 cha pembe kilianguka kabisa. Cha urefu kilipinda, lakini kidogo zaidi. Kwa hiyo mwelekeo peke yake ungepunguza ajali bila kuizuia, na joto peke yake lingeizuia lakini mguu ungebaki dhaifu kuliko ulivyostahili.

Droni iliwekwa siku nzima juani, palepale kwenye jiwe, ikiwa na betri. Nafasi kati ya nyayo ilibaki 62. Imeendelea kufanya kazi. Miguu mipya ni mizito kidogo kuliko ya asili, kwa sababu mgandamizo wa hewa yetu hauwezi kukamua resini kama autoklevu inavyofanya. Injinia alilipia vifaa vya mara ya pili, karakana ikabeba kazi ya mikono. Lenzi ya kamera ilikuwa na mkwaruzo. Hilo walimalizana wenyewe.

## Uchambuzi

Yaliyofaa hayakuwa ya bahati. Mizani iliondoa kosa ambalo lingetuvuruga wakati wa uchunguzi: kama uwiano ungekuwa na shaka, tusingejua tulaumu hadina au joto. Mfuko wa masalia ulitupa ushahidi. Koleo kwenye mpira wa pampu lilifanya umeme uliokatika usiwe habari. Ukiangalia, yote matatu ni mambo ya nidhamu ya karakana, wala hayahitaji mtu kuijua kaboni.

Yaliyoshindikana yana mzizi mmoja: jibu la poliesta lilitumika kwa swali la epoksi. Ugumu wa asubuhi ulichukuliwa kuwa ukomavu. Mati isiyo na mwelekeo ikamfanya fundi asiulize nyuzi zinaelekea wapi. Sitamlaumu kijana kwa kukata kwa pembe. Alitatua tatizo aliloliona, la kona, na hakuna aliyemwambia mguu utabeba nini na kwa upande gani. Injinia ndiye aliyejua, na hakuulizwa wala hakusema. Kwa maoni yangu sehemu yake ya lawama ni kubwa kuliko alivyokubali kikaoni: alileta kitambaa, epoksi na mfano wa umbo, lakini hakuleta joto la kazini. Mteja akikwambia kitu kitakaa wapi na saa ngapi, amekupa nusu ya mchoro.

Kuhusu geji nina huruma zaidi. Namba ya 0.95 iliandikwa na mtu anayeishi karibu na bahari, na hakuna kitu kwenye karatasi kilichosema hivyo. Fundi yeyote wa Mwanza, Bukoba au Musoma atakutana nayo.

Jaribio la mzigo lilikuwa zuri na lilipima kitu kisichokuwa na shida. Mara tatu ya uzito, kivulini, kwa nusu saa, halilingani na mara moja ya uzito, juani, kwa saa nne. Sufuria ya maji ilihitaji muda mfupi kuliko kupanga ile mifuko ya mchanga.

Liko suala la gharama ambalo bado linajadiliwa pale karakana. Saa za oveni ni umeme na ni mtu wa kulala nayo. Nukuu ya bei sasa ina mstari wake, "kukomaza kwa joto", na mteja wa kwanza wa boti aliyeuona aliomba ufutwe. Fundi alimfutia, kwa sababu ni poliesta, boti ni nyeupe na itaelea kwenye maji ya nyuzi 25. Aliyefuata alileta kasia la kaboni lililovunjika, naye akaomba hivyohivyo. Huyo aliambiwa atafute karakana nyingine.